Maji Hayapandi Mlima Bure

Nyumba ya pampu ni kibanda cha matofali au mawe kinachojengwa kando ya kisima, chemchemi au mto ili kuhifadhi mashine ya kusukumia maji. Ndani yake huwamo pampu, injini au mota, mabomba na koki zake, na mara nyingi pipa la mafuta pembeni. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, vibanda hivi hukaa mabondeni, mbali na makazi, kwa kuwa maji yako chini na watu wako juu. Kila ndoo inayofika kwenye tenki la kilimani imelipiwa kwa dizeli, kwa umeme au kwa jua lililonaswa na paneli. Ndiyo maana nyumba ya pampu inapokosa hesabu ya nishati, kijiji hukosa maji hata kama chemchemi haijakauka.

Kumbukumbu hizi zinatokana na nyumba mbili za pampu ambazo mwandishi alizihudumia kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ilikuwa chini ya kilima wilayani Ngara, ikilisha kijiji kwa injini ya dizeli. Ya pili ilikuwa katika shamba la mboga wilayani Biharamulo. Ilianza na injini ya mafuta ikaishia na sola. Zilitofautiana kwa mashine, ardhi na matumizi, lakini zilifundisha jambo moja: punguza kwanza hitaji la nguvu, ndipo uongeze nguvu.

Baridi ya kwingine na joto la hapa

Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, nyumba ya pampu ya shambani hutumia nishati hata pampu ikiwa imezimwa. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na kutanuka huko hupasua bomba la chuma na gamba la pampu. Mkulima hulazimika kuweka hita ndani ya kibanda wakati wote wa majira ya baridi. Hita ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa siku 120 hula yuniti, yaani kilowati-saa, 2,880 za umeme.

Wakulima waliolipa gharama hiyo kwa miaka mingi wamejifunza kuanza na kibanda, hita ikafuata. Huziba nyufa za mlango na paa, huweka tabaka la kuzuia joto ukutani, huyafunika mabomba, na mahali pengine huitengea pampu sanduku dogo ili hita isipashe chumba kizima. Baada ya hapo huweka kidhibiti kinachowasha hita pale tu halijoto inapokaribia sifuri. Bomba lisilotumika humwagwa maji yote likabaki tupu, maana bomba tupu haliwezi kupasuliwa na barafu. Joto lisilovuja halinunuliwi tena.

Ngara na Biharamulo hakuna barafu. Kati ya Juni na Agosti usiku wa vilimani huwa na ubaridi wa kuwaketisha watu kando ya moto, lakini maji hayagandi bombani. Adui wa nyumba ya pampu ya huku ni joto la injini iliyofungiwa ndani, pamoja na mlima ulio mbele ya bomba. Hata hivyo kanuni ya wakulima wa baridi inafaa hukuhuku. Kama wao wanavyoziba nyufa zinazopitisha joto, mhudumu wa pampu wa Ngara anapaswa kuziba matundu yanayopitisha maji aliyokwisha kuyapandisha.

Hesabu ya mlima

Ngara ni nchi ya migongo mirefu na mabonde yenye kina. Mto Ruvubu na mto Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na miinuko ya wilaya hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Watu wengi hujenga juu, penye hewa na migomba, na maji hutoka chini. Biharamulo ina maeneo mapana zaidi ya tambarare na mapori, lakini nako kisima kirefu au kijito cha bondeni hudai nguvu ya kuinua maji.

Nguvu hiyo inahesabika. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000 au madumu 50 ya lita 20, hadi kimo cha mita 100 huhitaji yuniti 0.27 kama hakuna kinachopotea. Pampu, mota na bomba hupoteza sehemu ya nguvu, hivyo mtambo mdogo wenye ufanisi wa nusu hutumia takribani yuniti 0.55. Lita moja ya dizeli katika injini ndogo iliyotunzwa hutoa kazi ya takribani yuniti 3, kwa hiyo huinua mita za ujazo 5 na nusu hadi kimo hicho, sawa na madumu 275. Yuniti 2,880 zinazoteketea katika hita moja ya nchi ya baridi zingepandisha mita za ujazo 5,200 na ushei. Kwa kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, kilichotaka kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, maji hayo yangewatosha watu 1,000 kwa zaidi ya siku 200.

Hesabu hii inaonyesha pia njia za kuokoa. Gharama huongezeka kwa kila mita ya kimo na kwa kila lita inayopandishwa, na ufanisi wa mtambo unaposhuka gharama hupanda tena. Mwenye kutafuta nafuu ana milango mitatu ya kubisha: kupunguza kimo, kupunguza lita zinazopotea, na kuuboresha mtambo. Kununua mashine kubwa zaidi si mmoja wa milango hiyo.

Funzo la programu ya 1971 na la Benaco

Tanzania ilijifunza gharama ya nishati ya maji mapema. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha Programu ya Maji Vijijini ya miaka 20, yenye lengo la kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na makazi yake ifikapo 1991. Pampu nyingi za dizeli zilifungwa. Bei ya mafuta ilipopanda duniani miaka ya 1970 na fedha za kigeni zikaadimika, mafuta na vipuri vilikosekana, na mashine nyingi zikanyamaza zikiwa bado nzima au zikikosa kifaa kidogo tu. Miradi ya mserereko, ambayo maji yake hushuka yenyewe kutoka chemchemi ya juu hadi kijiji cha chini, haikuyumbishwa na bei ya mafuta. Tangu hapo swali la kwanza la fundi mwenye busara katika nchi ya vilima limekuwa hili: je, kuna chemchemi iliyo juu ya kijiji, hata ikiwa mbali? Kilomita kadhaa za bomba hununuliwa mara moja. Dizeli hununuliwa kila wiki.

Funzo la pili lilikuja ghafla. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Walikaa Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni iliyojenga barabara, penye ziwa dogo. Baadaye zilifunguliwa kambi nyingine, zikiwamo Lumasi, Musuhura na Lukole. Shirika la Oxfam lilibeba sehemu kubwa ya kazi ya maji: kusukuma, kutuliza tope kwa shabu, kutia klorini na kugawa.

Ukubwa wa kazi ile unaonekana kwa hesabu ileile. Lita 15 kwa kila mtu kati ya watu 250,000 ni mita za ujazo 3,750 kwa siku. Kila mita 10 za kimo zinadai takribani yuniti 100 za kazi halisi kwa maji hayo, na mtambo wenye ufanisi wa nusu hudai 200, yaani lita zipatazo 67 za dizeli kila siku. Mita 10 si kimo kikubwa. Ni kama jengo la ghorofa tatu. Tenki likiwekwa mita 10 juu kuliko inavyohitajika, mafuta hayo huteketea siku kwa siku bila kumfaa yeyote. Tangu hesabu ya namna hiyo iingie akilini mwa watu wa maji wa Ngara, kuchagua mahali pa tenki ni kazi ya kupimia kwanza. Kilele kinachoonekana kizuri kwa macho kinaweza kuwa kilele cha gharama.

Nyumba ya kwanza: injini iliyokosa hewa

Nyumba ya pampu ya Ngara ilijengwa imara kupita kiasi. Kamati ya maji ya kijiji iliogopa wezi wa dizeli, hivyo madirisha yakazibwa kwa matofali na ukabaki mlango mmoja wa chuma. Paa lilikuwa la bati tupu. Injini ilikuwa ya kupozwa kwa hewa. Kila asubuhi iliwashwa alfajiri, na ilipofika saa nne chumba kilikuwa kama tanuri la kuchomea matofali. Moshi mweusi ulianza kutoka, mkanda ukalegea, na mhudumu akalazimika kuzima na kusubiri hadi alasiri.

Sababu yake haikuwa siri. Injini ya dizeli hugeuza takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi; zilizobaki hutoka kama joto, kupitia bomba la moshi na mwili wa injini. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka hurudi kwenye hewa inayovutwa na injini. Hewa ya moto ni nyepesi. Kwa kila nyuzi 10 za ongezeko la joto, uzito wake hupungua kwa takribani asilimia 3. Kwenye miinuko ya mita 1,500 hewa tayari ina takribani asilimia 84 tu ya msukumo wa pwani. Injini inayovuta hewa nyepesi hukosa oksijeni ya kuunguza mafuta yote, na mafuta yasiyoungua ndiyo moshi mweusi uliokuwa ukipaka masizi ukutani.

Tiba ilikuwa ya bei ndogo. Matundu mawili yalitobolewa chini, upande wa upepo, na mawili juu upande wa pili, yote yakiwekewa nondo na wavu. Hewa baridi ikaingia kwa chini, ya moto ikatoka kwa juu. Bomba la moshi likarefushwa hadi nje ya ukuta, na chini ya bati ikawekwa dari ya mianzi. Injini ikaweza kufanya kazi mfululizo hadi tenki lijae. Pipa la dizeli lilihamishiwa stoo ya kijiji likafungwa kwa kufuli mbili, na hofu ya wezi ikaisha bila kuinyima injini hewa.

Kasoro ya pili ilikuwa kwenye bomba la kuvutia. Katika usawa wa bahari, pampu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 10.3 hata ingekuwa mpya kabisa, kwa kuwa maji husukumwa na uzito wa hewa. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 kikomo hicho hushuka hadi takribani mita 8 na nusu, na kwa kazi ya kila siku mita 6 ndizo za kutegemewa. Wakati wa kiangazi maji ya bwawa lililolisha pampu yalishuka na pampu ikaanza kupiga hewa: sauti inabadilika, mafuta yanakwisha, tenki halijai. Mafundi walitaka kuongeza mwendo wa injini. Kina kilipopimwa kwa kamba na jiwe, kilikuwa kimepita mita 7. Zilijengwa ngazi mbili za zege kuelekea majini, na pampu ikawa inashushwa ngazi ya chini kila Juni na kurudishwa juu mvua za vuli zinapoanza. Mwendo wa injini haukuongezwa.

Ya tatu ilikuwa valvu ya kuzuia maji yasirudi. Mpira wake ulikuwa umekwanguka, na usiku mzima maji yaliyokuwa yamepanda mchana yalirudi bwawani taratibu kupitia bomba kuu. Hakuna aliyeona kwa sababu hapakuwa na tope wala dimbwi. Mhudumu aligundua alipofika alfajiri moja akasikia bomba linalia wakati injini imezimwa. Mpira mpya ulikatwa kutoka tairi la ndani la lori, na tenki likaanza kuamka na maji lililolala nayo.

Bomba na tenki

Sehemu kubwa ya nishati hupotea ndani ya bomba, mahali ambapo jicho halifiki. Maji yakipita kwa kasi husugua kuta za bomba, na pampu hulipia msuguano huo. Kiasi cha maji kikiongezwa mara mbili katika bomba lilelile, upotevu wa msukumo huwa takribani mara nne. Kwa maji yaleyale, bomba la milimita 50 hupoteza msukumo takribani mara saba ya lile la milimita 75. Bomba jembamba ni rahisi dukani na ghali katika kila lita ya mafuta baada ya hapo. Vivyo hivyo pampu kubwa inayobanwa kwa koki ili isitoe maji mengi: injini inafanya kazi yote, na koki inaitupa sehemu yake.

Katika vijiji vya mteremko kuna upotevu mwingine wa aina yake. Maji yote hupandishwa hadi tenki la kileleni, kisha sehemu yake hushushwa kuwafikia watu wanaoishi katikati ya mlima, yakipitia tenki dogo la kupunguzia msukumo ili yasipasue mabomba. Msukumo unaouawa hapo ulinunuliwa kwa dizeli. Ikiwa nusu ya watu wanaishi kwenye kimo cha mita 60 na nusu nyingine kwenye mita 120, kuwajengea wa chini tenki lao kwenye kimo chao hupunguza kazi ya kupandisha kwa robo nzima. Kijiji cha Ngara kilipojenga tenki la pili katikati ya mteremko, mhudumu alipanga zamu: saa za kwanza kulisha tenki la chini, kisha kufungua koki ya juu.

Mwisho kuna mabomba ya kugawia. Kituo cha kuchotea maji kinachovuja lita moja kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, madumu 72. Kama maji hayo yamepanda mita 100, uvujaji huo hunywa takribani lita 95 za dizeli kwa mwaka. Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta wanaweza kuhesabu ukuta huo kwa madebe ya mafuta. Koki mpya hugharimu sehemu ndogo sana ya thamani hiyo.

Nyumba ya pili: jua na tenki

Shamba la Biharamulo lilikuwa na nyanya, vitunguu na mbogamboga kando ya kijito, na kisima kilichochimbwa juu zaidi. Injini yake ya petroli ilikuwa kubwa kuliko kazi: ilimimina maji mengi kwa saa moja kwenye mifereji ya udongo, nusu yakazama kabla hayajafika kwenye tuta la mwisho. Mkulima alilaumu bei ya petroli. Badiliko la kwanza lilikuwa kwenye matuta. Mabomba ya matone yaliwekwa kwenye nyanya, nyasi kavu zikatandazwa juu ya udongo, na umwagiliaji ukahamishiwa asubuhi na jioni. Mahitaji ya maji yaliposhuka ndipo pampu ndogo ya sola ikawezekana kununuliwa. Kama sola ingetangulia, zingehitajika paneli nyingi za kulisha mifereji inayovuja.

Kagera hupata jua la kutosha. Paneli za kilowati 3, zikipata sawa na saa 5 za jua kamili kwa siku na kupoteza robo kwa joto, vumbi na nyaya, hutoa takribani yuniti 11. Kwa kimo cha mita 100 zinaweza kupandisha takribani mita za ujazo 20, zinazotosha watu 800 kwa kiwango cha lita 25. Nishati hiyo haina risiti ya kila wiki, lakini ina masharti. Paneli hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kipimo chake, kwa hiyo hazibandikwi juu ya bati bila nafasi ya hewa chini yake. Vumbi jekundu la barabara linapaswa kuoshwa. Kivuli cha mti mmoja kikiangukia kona ya paneli hushusha nguvu ya mstari mzima uliounganishwa nayo.

Kosa la kawaida ni kununua betri ili pampu ifanye kazi usiku. Betri huzeeka, huibwa, na hupoteza sehemu ya kila inachopokea. Tenki lililo juu hutunza nishati katika sura ya maji yaliyokwisha kupanda, nayo husubiri jioni bila kupungua. Shamba la Biharamulo liliuza betri mbili lilizokuwa nazo na kuongeza tenki la lita 5,000 juu ya mnara wa mbao. Pampu ilifanya kazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Matone yalifunguliwa jua lilipozama.

Umeme wa gridi nao umeingia katika hesabu. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli. Baadaye njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Geita ilifika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na huko Rusumo kikajengwa kituo cha megawati 80 kinachogawa umeme kwa Burundi, Rwanda na Tanzania. Mota ya umeme ni tulivu na haina moshi, na mahali nguzo zilipofika karibu inafaa. Lakini hupoza mifuko ya walipaji ikiwa tu yaliyotajwa juu yametimizwa. Mota iliyofungwa kwenye bomba jembamba na valvu inayovuja hula yuniti za LUKU kwa uroho uleule wa injini.

Kupasha moto na kupandisha

Kuna joto moja linalohusu nyumba za pampu za Ngara na Biharamulo ingawa haliwaki ndani yake. Ni moto wa jikoni unaochemsha maji ya kunywa. Kuinua lita moja ya maji hadi mita 100 huhitaji takribani kilojuli 1. Kuipasha lita hiyohiyo kutoka nyuzi 20 hadi ichemke, ambako kwenye miinuko ya Ngara ni karibu nyuzi 95, huhitaji zaidi ya kilojuli 310. Kwenye mafiga matatu yanayotumia takribani asilimia 15 tu ya nguvu ya kuni, hiyo ni karibu gramu 130 za kuni kavu kwa kila lita.

Kambi za Kagera zilionyesha uzito wa namba hizo. Kufikia Desemba 1996 mkoa ulikuwa na wakimbizi zaidi ya 600,000, na zaidi ya tani 1,200 za kuni ziliteketea kila siku. Misitu ya kilomita za mraba 570 iliathirika, 167 kati yake vibaya sana. Kama kila mtu angechemsha lita 2 tu za kunywa kwa siku, kuni za kazi hiyo peke yake zingefika takribani tani 150. Klorini iliyotiwa kwenye tenki iliwalinda watu dhidi ya kipindupindu na kuhara, na ililinda miti pia.

Wajibu huo wa kulinda watu na miti haujaisha kwa kufungwa kwa kambi. Nyumba ya pampu yenye chombo cha kudondoshea klorini, inayohudumiwa na mtu anayejua kipimo na kuacha dakika 30 kabla maji hayajagawiwa, huondoa mzigo wa kuni kwenye migongo ya wanawake wa kijiji kizima. Maji yawe yametulia kwanza, maana tope huila klorini kabla haijafikia vijidudu. Asiyeamini maji ya bomba ataendelea kuchemsha, hivyo kipimo kibandikwe mlangoni ili kila mmoja akisome.

Mpangilio wa kazi

Uzoefu wa nyumba zote mbili unaweka hatua katika mfuatano. Kwanza huja daftari: kila siku kuandika lita za mafuta au yuniti, usomaji wa dira ya maji, na saa za kuwasha na kuzima. Mafuta kwa kila mita ya ujazo yakipanda polepole, kuna chujio lililoziba majani, mkanda uliolegea au valvu inayorudisha maji, na daftari hulisema hilo wiki kadhaa kabla mashine haijafa. Pili, kuziba uvujaji na kubadili koki. Tatu, kurekebisha bomba la kuvutia, kimo cha tenki na upana wa bomba kuu. Nne, kuipa injini hewa au paneli nafasi. Tano ndipo hufuata uchaguzi wa nguvu mpya: mserereko mahali chemchemi iko juu, sola mahali jua na tenki vinatosha, gridi mahali nguzo iko jirani, na dizeli ya akiba kwa siku za mawingu mfululizo.

Tangu mwaka 2019 miradi ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo hukusanya fedha za ndoo kutoka kwa watu wasio na ziada. Kila chombo kimpe mhudumu wake daftari, dira ya maji na neno la kusikilizwa kabla ya kuagiza mashine kubwa zaidi. Injini ya kijiji cha Ngara haikubadilishwa hata siku moja. Ilipewa matundu manne ya hewa, mpira wa valvu na tenki la katikati ya mteremko, ikaendelea kuwapandishia watu maji.